Geuza Shati Tuone Mshono

Maneno niliyosema kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, vile vikundi vya majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumbani kwa mmoja wao, katika semina ya Kwaresima ya parokia yetu. Nimeyaandika kwa sababu wengine waliyaomba, na kwa sababu siku ile kipaza sauti kilikuwa kinakatika katika.

Tumsifu Yesu Kristo! Naona upande wa kule nyuma wamejibu kivivu. Ni haki yao, chai haijawafikia.

Baba Paroko, masista, makatekista wenzangu, wenyeviti na makatibu wa jumuiya, nanyi mama zangu wa WAWATA, Wanawake Wakatoliki Tanzania, mlioamka saa kumi usiku kuwasha majiko kwa ajili yetu, shikamooni. Nimeambiwa nizungumze juu ya kukua katika ufuasi wa Kristo. Baba Paroko aliponipigia simu nilimwambia, Baba, mimi ni fundi cherehani, aitwe mtu aliyepita seminari. Akasema, ndiyo maana nimekuita wewe. Basi nitazungumza kifundi. Nikikosea, mnifumue.

Nilifundishwa kushona na mama mmoja, kibarazani kwake. Miezi mitatu ya mwanzo sikugusa cherehani. Nilifagia vipande vya kitambaa, niliwasha pasi ya mkaa, na nilifumua. Kufumua ndiko kulikonichosha: wembe mkononi, unakata uzi mmoja mmoja, na mara nyingi kosa lenyewe si lako, ni la yeye fundi. Hakuyaficha makosa yake. Alikuwa akinitupia sketi anasema, "Hapa nimelala, fumua." Miaka mingi baadaye ndipo nilipotambua kwamba alikuwa ananifundisha. Mtu aliyefumua makosa ya fundi wake anajua kosa linaanzia wapi.

Jambo lingine: mteja akileta shati, mama yule hakuliangalia mbele. Aliligeuza ndani nje. Mteja hutazama rangi na kola, fundi hutazama mshono. Huko ndani ndiko anakoona nyuzi zilizoachwa, pindo lililokimbia, na mahali fundi wa kwanza alipopungukiwa na kitambaa akaunga kiraka akidhani hakuna atakayejua.

Ndugu zangu, Jumapili kanisani tunaonana upande wa nje. Nguo zimepigwa pasi, watoto wamepakwa mafuta, na aliyelala na ugomvi nyumbani anaimba sauti ya pili kama kawaida. Siilaumu Jumapili, nguo lazima ivaliwe. Lakini Jumamosi jumuiyani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye ua wa mtu, wengine mkekani, wengine juu ya ndoo zilizofudikizwa, kuku anakatiza katikati ya Injili, na mwenye nyumba anatupa jicho la aibu kwenye ukuta usiopigwa plasta: hapo shati limegeuzwa.

Biblia yetu ya Kiswahili, pale Mathayo anapomalizia kitabu chake, haisemi nendeni mkawafanye mataifa yote kuwa waumini. Inasema wanafunzi. Siku hizi tukilisikia neno hilo tunaona sare, dawati na mtihani wa taifa. Lakini mwanafunzi na fundi wametoka nyumba moja: kufunda, kufunza, fundi, mwanafunzi, ukoo ni huo mmoja. Mwali hufundwa na somo yake, ndani, siku nyingi, na hapewi kitini. Gereji ya magari ina spana boi ambaye hajui kusoma mchoro wowote, lakini akisikia injini inavyokohoa anakuambia ugonjwa. Ameupata wapi ujuzi huo? Amekaa karibu.

Mtazameni Petro. Hakuna mtihani aliofaulu. Alizama majini, alichomoa upanga pasipotakiwa upanga, alimkana Bwana mbele ya kijakazi. Lakini alikuwa amekaa na fundi, amekula naye, amekemewa naye, na aliporudi kwa aibu alikuta moto wa makaa ufuoni na samaki juu yake. Sisi tungekuwa tumemwandikia barua ya kusimamishwa uongozi.

Kuna watu wawili katika Matendo ya Mitume ninaowapenda kupita kiasi, na mnisamehe upendeleo wa kazi. Ni Akila na mkewe Prisila. Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi Roma, wakaenda Korintho wakiwa wakimbizi, wakafungua kazi yao ya kushona mahema. Paulo alipofika mji ule, Maandiko yanasema alikaa kwao kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja. Hawakukutana kwenye semina. Walikutana kwenye sindano. Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, na mimi nikisoma habari ile nawaona watatu wamekaa, turubai juu ya mapaja, wanazungumza. Mazungumzo ya mafundi mnayajua: mikono inafanya kazi, macho yako chini, ndipo mtu anaposema yale ambayo asingeyasema akitazamwa usoni.

Baadaye walihamia Efeso, akaja Apolo, msomi kutoka Aleksandria, hodari wa kuhubiri, ila mafundisho yake yalikuwa na pengo: alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila walimsikia katika sinagogi. Hawakumkatiza mbele ya watu. Walimchukua kwao wakamfafanulia njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Mafundi wa mahema wanamfunda msomi, nyumbani, pengine chakula kiko mezani. Na huyo Apolo alikubali! Sijui ni wangapi kati yetu wenye shahada tungekubali kukalishwa na mama anayeshona. Paulo akiandika salamu zake analitaja kanisa lililo katika nyumba ya watu hao. Hiyo ndiyo jumuiya, kabla hatujaipa rejista na mhuri.

Mkiniambia hayo ni ya zamani na ya ng'ambo, twendeni hapa jirani, Uganda. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, walifika Buganda mwaka 1879. Novemba 1882 wakaondoka kwa sababu mambo ya ikulu yalikuwa yameharibika, wakavuka kuja kusini mwa ziwa, upande wetu huku wa Mwanza. Hawakurudi mpaka Julai 1885. Hebu hesabuni: karibu miaka mitatu. Hakuna padre, hakuna Misa, hakuna kitubio. Waliobatizwa walikuwa wachache, nao wachanga. Kwa akili za kawaida, mapadre wangerudi wakute majivu.

Walikuta watu wameongezeka. Katika ikulu Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa anawafundisha vijana wenzake. Na kule Mityana, zaidi ya kilomita 60 kutoka mji mkuu, palikuwa na kundi lililokuwa likisali na kufundishana chini ya Matia Kalemba Mulumba na Luka Banabakintu. Kalemba alizaliwa Busoga, akatekwa akiwa mtoto, akalelewa Buganda hadi akapata cheo cha uamuzi kwa chifu. Alishapita kwenye Uislamu, akapita kwa Waprotestanti, ndipo akabatizwa Mkatoliki mwaka 1882, miezi michache tu kabla mapadre hawajaondoka. Miezi michache! Sisi mtu akimaliza miaka miwili ya mafundisho bado tunasema hajaiva.

Katika kundi hilo la Mityana alikuwemo Noa Mawaggali, mfinyanzi. Alikuwa anafinyanga vyungu vya chifu. Huyu namweka pamoja na Prisila na Akila kwenye orodha yangu ya mafundi. Aliuawa kwa ajili ya imani hapo hapo Mityana tarehe 31 Mei 1886, siku chache kabla ya Karoli Lwanga na wenzake kuchomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Papa Paulo VI alipowatangaza Mashahidi wa Uganda 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, mfinyanzi alikuwa miongoni mwao. Tunapowaadhimisha tunakumbuka sana moto na mkuki, na ni sawa. Mimi nawaombeni mkumbuke pia ile miaka mitatu ya jioni za kawaida, watu wamekaa nyumbani kwa mtu, anayejua sala mbili anamfundisha asiyejua hata moja. Watu hawaamki asubuhi moja wakawa mashahidi. Walikuwa wamefundana.

Kwa hiyo maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973 wakasema maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo, na wakalirudia kwa mkazo mwaka 1976, hawakuleta mtindo mpya. Walirudisha kitu. Nchini kwetu Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge hakuishia kulihubiri. Enzi zile za Ujamaa alikwenda kuishi kijijini Nyabihanga na kushika jembe na wanakijiji. Alikuwa akifundisha kwamba Utatu Mtakatifu hatukupewa kama kitendawili cha kutegua, tumepewa kama mfano wa kuiga: Baba, Mwana na Roho wanashirikiana vyote, basi nanyi fanyeni hivyo. Askofu mwenye malengelenge mkononi anayesema habari za Utatu. Mimi huyo ningemsikiliza.

Sasa niwaambie ukweli wetu. Mimi nilirudi jumuiyani kwa sababu ya barua. Nilikuwa nimehamia mtaa huu, mwaka wa pili sijasali na jirani yeyote, mtoto akazaliwa. Nikaenda kwa mwenyekiti wa jumuiya kutaka barua ya jumuiya ili mtoto abatizwe. Nilijiandaa kugombezwa, na maneno ya kujitetea nilikuwa nayo tayari: kazi nyingi, wateja wa Jumamosi. Mama yule akaniandalia kigoda. Akasema, "Barua nitakuandikia. Ila mtoto huyu mtamlea ninyi wawili tu? Mleteni Jumamosi tumwone." Niliudhika. Ningegombezwa ningepata sababu ya kutokwenda.

Nimewahi pia kuona kinyume chake, mahali pengine ambapo sitapataja. Marehemu yuko sebuleni, na viongozi wako uani wanapekua daftari la michango kuona kama alikuwa hai, yaani hadaiwi. Hai! Wakati mtu amelala pale chini ya shuka. Kanisa lina gharama, mimi nalipa zaka na ninawahimiza wengine walipe. Lakini jumuiya ikijulikana mtaani kama ofisi ya barua na madeni, msitegemee mtu ageuze shati lake mbele yenu. Ataficha kiraka kama anavyokificha kwa mgambo wa jiji.

Tuje kwenye zile hatua saba za kushirikishana Injili. Wote mnazijua, zilitoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini na zimeenea kila mahali: tunamkaribisha Bwana, tunasoma, tunachagua neno lililotugusa, tunakaa kimya, tunashirikishana, tunajadili la kutenda, tunasali. Niwaulize viongozi, bila kunyosha mkono: hatua ya sita kwenu inachukua dakika ngapi? Kwetu ilikuwa inachukua sekunde. Mwongozaji anasema, "Basi tukawe na upendo," tunaitikia amina, tunarukia sala na matangazo ya mchango.

Jumamosi moja tulisoma habari ya Msamaria mwema. Tukafika hatua ya sita, mwongozaji akasema yale yale, tukawe na upendo. Kuna mama kwetu anayeuza vitumbua kituoni, shule aliishia darasa la nne, na huwa hasemi. Siku hiyo akauliza, "Upendo saa ngapi?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. "Nauliza saa ngapi, na anakwenda nani." Kisha akamtaja mzee mmoja mpangaji, nyumba ya tatu kutoka pale tulipokaa, aliyepigwa na kiharusi, mkewe anashinda kwenye genge la mkaa ili wale. Wengi wetu tulikuwa tunapita mbele ya mlango ule kila siku. Mama vitumbua akaanza kugawa kazi kama anayegawa sahani: wewe maji, wewe kufua, wewe una bajaji utampeleka kliniki. Akanitazama. "Fundi una mkasi. Utamkata kucha na nywele."

Mzee yule alikuwa Mwislamu, na hatukwenda kumbadilisha dini. Tulikuta vijana wa msikitini wameshamjazia ndoo za maji, tukagawana siku. Mara ya kwanza nilimkata kucha huku natazama pembeni kwa aibu, yake na yangu. Mara ya pili nilipeleleza moyoni sababu ya kutokwenda: mvua, wateja, umeme umekatika. Mara ya nne ndipo mzee alipoanza kunitania kwamba kinyozi wake hapokei hela kwa sababu hajui kazi.

Baadaye nikaisoma tena habari ya Msamaria, nikaona neno ambalo miaka yote nilikuwa nalipita. Anamwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, halafu anasema nitakaporudi nitakulipa. Nitakaporudi! Yule mtu alipanga kurudi. Mara ya kwanza kila mtu huenda, huruma ikiwa mbichi miguu ni myepesi. Kurudi ndiko kunakomfunda mtu. Sikuongeza mstari hata mmoja wa kukariri katika wiki zile, na mwalimu wangu alikuwa mama wa darasa la nne mwenye unga kwenye kanga.

Sitawadanganya kwamba yote ni matamu. Tuliwahi kugombana juu ya kikoba. Dada mmoja alichelewesha marejesho, na sisi kwa ujasiri wa Kikristo tukalisema mbele ya watu wote, baada ya sala. Akaondoka, akakaa miezi minane bila kurudi. Fundi yeyote anajua: mshono uliokosewa hauvutwi. Ukiuvuta kwa hasira uzi unatoka na kitambaa kinachanika, halafu huna mshono wala kitambaa. Bwana katika Mathayo 18 alishatupa utaratibu, kwamba ndugu yako akikosa nenda kwanza wewe na yeye peke yenu. Sisi tulianza na hatua ya mwisho. Aliyemrudisha ni akina mama wawili waliokwenda kwake jioni bila daftari, wakamsaidia kuchambua mchele, na deni hawakuligusa. Alilianzisha mwenyewe. Alikuwa anamuuguza mama yake kijijini, na sisi hatukujua. Sisi majirani.

Na vijana? Kila semina tunalalamika kwamba vijana hawaji jumuiyani. Nimechoka kulisikia, hata likitoka kinywani mwangu. Kijana mmoja wa bodaboda nilimshonea koti, nikatumia nafasi hiyo kumhubiria. Akanisikiliza, akaniuliza, "Mzee, mnasali saa ngapi?" Nikamwambia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Akasema, "Saa hizo ndipo hela ya siku inapopatikana." Miaka yote tumepanga muda unaotufaa sisi wenye vibanda na wastaafu, halafu tunawaita wao wavivu wa roho. Kwa hiyo tumebadilisha: Jumamosi mbili za mwezi tunasali asubuhi, na Jumapili mbili tunasali jioni, saa moja, pikipiki zikishapoa. Baadhi ya wazee walinung'unika kwamba jioni kuna mbu. Kweli, mbu wapo.

Viongozi wenzangu, makaratasi yenye taratibu za uchaguzi wa jumuiya mtagawiwa na katibu wa parokia, mimi sina. Nimewaletea kitu kimoja tu cha kwenda nacho. Mkifika hatua ya sita, katibu afungue daftari aandike jina la anayekwenda, anakokwenda na siku. Mkikutana tena, kabla ya kusoma Injili mpya, aulizwe ilikuwaje. Kama hakwenda, aseme hakwenda, na asichekwe. Tuwe na subira na spana boi.

Jumapili hii ni zamu ya kijana yule wa bodaboda kutupokea. Ana chumba kimoja, hatutaenea, wengine tutakaa nje kwenye korido ya wapangaji. Juzi alipita kibandani kwangu kuulizia kitambaa cha pazia, kile cha bei nafuu, akasema wageni wakija wasione vyombo vyake vilivyo chini. Nilimpimia mita mbili. Kisha akasita, akasema acha kwanza, mzee, tutaona baada ya Jumapili.